Bolti za hedi: kuzichagua na kuzikaza ili injini isifunguliwe mara ya pili

Ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret, gari linaanza kupanda mapema: Salgaa, Mau Summit, kisha Timboroa iliyo juu ya mita 2,700. Nakuru yenyewe iko kwenye mita 1,850 hivi, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 94, wala hayafiki 100. Kisumu, kule chini kwenye mita 1,130, ni digrii 96. Kizibo cha redieta kikiwa kizima, shinikizo huzuia maji yasichemke mapema. Kikichoka, na gari limejaa magunia ya viazi, kilima kile hakina huruma. Basi kuanzia Nakuru hadi Kondele, Kisumu, hukosi gereji yenye hedi (kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini) juu ya benchi.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeanza kushika injini peke yake, na wa mwenye gari anayetaka kuelewa anachokisimamia. Mambo ya pistoni, ringi na beringi nayaacha. Nashughulika na bolti tu, maana ndizo hufikiriwa mwisho, wakati pesa zimekwisha na mwenye gari anapiga simu kila baada ya nusu saa.

Hedi inashikwa na nini

Chukua 1NZ-FE, injini iliyo ndani ya Probox na Fielder nyingi za huku kwetu. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 75. Petroli ikiwaka ndani, shinikizo likifika bar 60, hedi inasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 2.7, na hiyo ni silinda moja tu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapiga hivyo mara 25 kwa sekunde. Dizeli hupiga kwa nguvu zaidi, mara mbili ya hapo au kupita. Kinachozuia hedi isinyanyuke ni bolti 10.

Bolti hizo hazishiki kwa kuwa zimebana sana mkononi mwako. Zinashika kwa sababu umezivuta. Unapoikaza, bolti inarefuka kidogo sana, nayo inataka kurudi urefu wake, kama mpira wa manati ulionyooshwa. Kule kutaka kurudi ndiko kunakobana hedi, gasketi (karatasi ya kuzibia iliyo katikati) na bloku (mwili wa injini wenye silinda). Bolti isiyovutika vya kutosha inaacha gasketi ipumue. Iliyovutwa kupita kiasi imekwisha nguvu ya kurudi, au imebaki kidogo ikatike.

Sasa ongeza joto. Alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma. Injini ikipata moto wa kawaida, hedi ya alumini inakua kuliko bolti, bolti inavutwa zaidi, na watengenezaji walishalihesabu hilo. Gari likichemsha, hesabu inavurugika: hedi inakua kupita ilivyopangwa, gasketi inapondwa, bolti inavutwa hadi haiwezi kurudi. Injini ikipoa, kila kitu kinarudi mahali pake isipokuwa bolti na gasketi. Nafasi imebaki. Kwa hiyo gari lililochemsha likazimika barabarani halina gasketi mbovu peke yake, lina bolti za kushukiwa pia. Ukilishika hili, hatua zote zinazofuata zitajieleza.

Hatua ya kwanza: kufungua

Ngoja injini ipoe kabisa. Hedi ya alumini ikifunguliwa ya moto inapinda, halafu unalipia kuskimu (kusawazisha uso wake kwa mashine) kwa haraka ya saa mbili. Legeza bolti kwa mpangilio wa kinyume cha kukaza: anza za pembeni, malizia za katikati, kila moja kidogo kidogo kwa raundi mbili au tatu. Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika namba uliyoweka, usiitumie kufungulia. Tumia baa ndefu.

Bolti nyingi za Toyota zina kichwa chenye pembe 12. Tafuta soketi yake halisi. Kuna wanaopiga alleni ya pembe sita kwa nyundo hadi ikae. Kichwa kikiisha meno, unaita mchomeleaji, na mchomeleaji juu ya bloku ya alumini si mgeni wa kukaribishwa.

Toboa katoni matundu kwa mpangilio wa hedi, chomeka kila bolti mahali pake. Faida si usafi tu. Bolti iliyotoka na kutu imekutana na maji, na inakuonyesha upande ambao gasketi ilianza kuachia. Bolti iliyolegea kirahisi kuliko wenzake ilikuwa imekwisha kupoteza mvuto. Soma hizo bolti kabla hujazitupa kwenye ndoo ya dizeli.

Hatua ya pili: za zamani au mpya?

Hapa ndipo pesa na ubishi huanzia.

Bolti za hedi ziko za aina mbili. Aina ya zamani hukazwa kwa torki peke yake hadi mwisho, haivutwi kupita kiwango chake cha kurudi, na ikiwa nzima inarudishwa. Aina ya pili hukazwa kwa torki ndogo kisha kwa digrii, kwa mfano 29 Nm (nyutoni-mita, kizio cha torki), halafu digrii 90, halafu digrii 90 nyingine kama ilivyo kwenye 1NZ-FE. Ukiona digrii kwenye maelezo ya mtengenezaji, jua kwamba bolti hiyo huenda inavutwa hadi ukingoni mwa uwezo wake au kuupita kidogo. Watengenezaji wengine wanasema wazi zitupwe kila hedi ikifunguliwa. Wengine, Toyota mmojawapo, kwa injini kadhaa wanaruhusu zirudi kama vipimo vyake bado viko ndani ya kikomo kilichoandikwa.

Kupima si kazi ngumu. Osha bolti, zipange zote zikiwa zimesimama juu ya kioo bapa. Za aina moja zote zinapaswa kuwa na urefu mmoja. Iliyowazidi wenzake imerefuka. Kisha chukua venia, kile kipimo cha taya mbili, pima kipenyo cha sehemu yenye meno kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bolti iliyovutika hukonda kiuno, aghalabu pale meno yanapoanzia. Kama huna venia, tafuta nati mpya ya meno yale yale, izungushe kwa vidole kutoka ncha hadi mwisho. Ikishuka vizuri halafu ikakwama njiani, pale ilipokwama meno yameachana nafasi. Bolti hiyo imekwisha.

Mwenye gari akikuambia, "Fundi, si hizi bado ni nzima?", usibishane naye. Mwambie, "Mzee, shika hii venia upime mwenyewe." Mara nyingi ubishi unaishia hapo.

Msimamo wangu: kama gari lilichemsha, nunua seti mpya hata kama vipimo vinaonekana sawa. Bei ya seti ya bolti iweke kando ya gasketi ya pili, mafuta mapya ya pili, kulanti ya pili na siku ambazo gari halifanyi kazi. Kama hedi ilifunguliwa kwa sababu nyingine, tuseme vali au sili, na injini haikuwahi kupata joto la ajabu, na maelezo ya mtengenezaji yanaruhusu, sioni ubaya wa kurudisha bolti zilizopimwa.

Hatua ya tatu: kununua

Usiende dukani na jina la gari peke yake. Nenda na namba ya chesisi, namba ya injini na bolti moja ya zamani mfukoni. Muuza spea mzuri atatafuta namba ya spea kwa chesisi. Asiyetaka kutafuta atakuuliza tu, "Ni ya Corolla, sivyo?" Ukimkubalia umejipeleka mwenyewe. Kama unaagiza kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, ije kwa basi, tuma picha ya bolti ikiwa kando ya rula, kichwa na meno vionekane.

Mfano wa kwa nini picha inasaidia: injini za Toyota 4A-FE na 7A-FE zina bolti za urefu wa aina mbili. Za upande wa inteki (hewa inapoingilia) ni milimita 90, za upande wa ekzosi (moshi unapotokea) ni milimita 108. Ukiletewa seti ya urefu mmoja, au ukazichanganya siku ya kufunga, ile ndefu itagota mwisho wa tundu kabla haijabana hedi, na ile fupi itashika kwa meno machache. Spana ya torki italia vilevile. Haina macho.

Kichwa cha bolti huwa na alama ya nguvu. Kwenye mfumo wa kawaida wa metriki, 8.8 ni chuma kinachokatika kwenye megapaskali 800 hivi na kuanza kurefuka moja kwa moja kwenye asilimia 80 ya hapo. 10.9 ni 1,000 na asilimia 90. 12.9 ni 1,200 na asilimia 90. Baadhi ya watengenezaji hutumia alama zao wenyewe, kwa hiyo usishangae usipoona namba hizi.

Namba hizo zimeleta mkasa mmoja unaorudiwa sana: fundi anaona bolti ya hadiwea yenye 12.9, anafikiri amepata bora kuliko ya kiwandani. Kwa bolti za digrii hilo ni kosa. Ile ya kiwandani imetengenezwa ianze kurefuka ikifika kiwango fulani, hivyo nguvu ya kubana inajikata yenyewe pale. Ile ya 12.9 haikubali kurefuka mapema. Ukiizungusha digrii zile zile, nguvu inaendelea kupanda, na kinachosalimu amri ni meno ya alumini ndani ya bloku. Ukapata bolti nzima mkononi, imevaa pete ya alumini ya bloku ya mteja. Na bolti ya hadiwea ya 8.8, hata ikiwa na urefu na meno yanayolingana, haikukusudiwa kubeba kazi hii.

Feki nazo zipo. Bolti nzuri ya hedi meno yake yamefinyangwa kwa kubiringishwa, hivyo ni laini na yanang'aa kidogo mtaroni. Yaliyokatwa kwa mashine huwa na mikwaruzo. Rangi yake aghalabu ni nyeusi au kijivu cha mafuta. Zikiwa zimepakwa zinki na kumeta kama vijiko vipya, jihadhari, maana upakaji wa umeme ukifanywa ovyo kwenye chuma kigumu huingiza haidrojeni ndani yake, na bolti inakatika siku moja bila kuaga. Chukua zote kutoka pakiti moja. Usichanganye tano za hapa na tano za pale.

Washa zinunuliwe pamoja na bolti kama ni za kutenganika. Washa laini ya kawaida itapondeka chini ya kichwa, na mvuto wote uliouhangaikia utapotea. Ikiwa upande mmoja una ukingo uliopigwa mshazari kwenye tundu, upande huo utazame kichwa cha bolti.

Wengine watauliza juu ya stadi (chuma chenye meno ncha zote mbili, kisicho na kichwa) na nati. Stadi ni nzuri kwa injini iliyoongezwa turbo au inayofunguliwa mara kwa mara, kwa kuwa unapokaza nati, stadi inavutwa bila kusokotwa sana, na meno ya bloku hayasuguliwi. Hushushwa kwenye bloku kwa mkono tu, bila nguvu, na torki yake ni ile ya mtengenezaji wa stadi kwa grisi aliyoitaja yeye. Kwa Probox ya kubeba miraa au matatu ya Kisumu–Busia, bolti halisi zinatosha kabisa.

Hatua ya nne: matundu na nyuso

Tundu la bolti kwenye bloku likiwa na maji au mafuta chini, bolti inaposhuka itayabana, na kimiminika hakibaniki. Kitakachopasuka ni bloku. Puliza kila tundu kwa kompresa huku umeziba na kitambaa na kukinga macho, kisha chomeka kijiti chenye kitambaa safi hadi chini. Kikitoka kimelowa, puliza tena. Kisumu mvua ya alasiri haipigi hodi, kwa hiyo ukifanya kazi nje funika bloku hata ukienda kunywa chai tu. Nakuru adui ni vumbi.

Meno ya bloku safisha kwa tapu (chombo cha meno cha kupitisha ndani ya tundu) ya kusafishia, au kwa bolti ya zamani iliyochanjwa mitaro mitatu kwa urefu. Tapu ya kukatia hula chuma na kuacha meno mepesi. Ukikuta jino limeng'oka, usijaribu bahati: tengenezesha tundu kwa bushi ya chuma yenye meno kwa fundi mwenye mashine ya kutoboa iliyonyooka. 2AZ-FE, inayopatikana kwenye RAV4 na Ipsum nyingi, inajulikana kwa meno ya bloku kung'oka hasa kwenye bolti za nyuma ya injini. Ukifungua mojawapo, kagua matundu hayo kabla hujamtajia mtu bei ya kazi.

Kisha nyuso. Rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kwa marefu, mapana na mishazari yote miwili, juu ya hedi na juu ya bloku pia. Kwa hedi nyingi za alumini kikomo ni milimita 0.05. Ukipita hapo, peleka ikaskimiwe kwa mashine. Kusugua hedi kwa msasa juu ya kioo kunaondoa madoa, hakunyoshi, na kwa gasketi za tabaka za chuma uso wenye mikwaruzo ni mlango wa maji.

Hatua ya tano: gasketi na hedi

Hii ni fupi. Gasketi kavu, safi, upande sahihi juu, matundu ya mafuta yakilingana. Hakuna silikoni, hakuna rangi ya fedha ya kupuliza, hakuna grisi, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza mahali maalumu. Kwa dizeli, gasketi huja za unene tofauti, zenye alama za mitobo au herufi, na huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Usichukue iliyopo tu dukani. Shusha hedi wima juu ya pini zake, usiiburute.

Hatua ya sita: mafuta kwenye bolti

Watu hulipita jambo hili mbio, na mimi naliona ndilo linaloharibu kazi kuliko spana mbovu. Kati ya nguvu yote unayotia kwenye spana, takriban nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, na asilimia 40 hivi inaliwa kwenye meno. Kinachobaki kuvuta bolti ni kama sehemu moja ya kumi. Sasa weka kutu kidogo au mchanga, msuguano ukapanda kutoka sehemu tisa hadi tisa na nusu. Spana imelia kwenye namba ile ile, na bolti imepata nusu ya mvuto wake.

Upande wa pili nao una hatari. Torki iliyoandikwa kwa mafuta ya injini, ukiikaza kwa grisi ya molibdenamu inayoteleza zaidi, utaipita hesabu bila kujua.

Fuata kilichoandikwa. Mara nyingi ni mafuta mepesi ya injini, tone au mawili kwenye meno na chini ya kichwa au juu ya washa. Bolti ikichovywa mzima kwenye chupa, mafuta yatajikusanya chini ya tundu, na tumeshaona yatakachofanya. Baadhi ya injini zina matundu yanayotokeza kwenye njia ya maji; hizo huhitaji gundi ya meno iliyotajwa, la sivyo maji yatapanda kwenye meno hadi kichwani. Na bolti nyingine mpya huja na dawa yake tayari, ziache zilivyo.

Hatua ya saba: kukaza

Kwanza jua spana yako inasema lugha gani. Hedi ya 3L na 5L, zile dizeli za HiAce za zamani, huanza na 78 Nm, ambazo ni sawa na kilo-mita 8 au pauni-futi 58, kisha digrii 90, kisha 90 tena. Fundi aliyeandikiwa 58 kwenye karatasi akaiweka kwenye upande wa Nm ameacha robo nzima ya torki mezani. Andika kizio kando ya namba kila mara.

Spana ya torki ya kuazima ijaribu kwanza. Bana kichwa chake kwenye jiliwa, mkono uwe mlalo, halafu tundika jerikeni la lita 20 lililojaa maji kwenye mshikio. Pima umbali kutoka katikati ya kichwa hadi kamba ilipo. Ukiwa sentimita 40, maji peke yake yanatoa karibu 78 Nm, na jerikeni pamoja na uzito wa spana yenyewe vinaongeza kidogo. Ukiweka spana kwenye 70 lazima ilie. Ukiiweka kwenye 95 isilie. Jaribio hili ni la kijijini, halichukui nafasi ya maabara, ila litakuokoa na spana iliyoachwa imekazwa miaka miwili kwenye sanduku. Yako ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa.

Teremsha bolti zote kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, itoe uangalie. Usiilazimishe kwa racheti. Mpangilio ni kutoka katikati kwenda nje, kwa kupishana kama mzunguko wa konokono, ili gasketi ijinyooshe kuelekea pembeni. Ramani halisi ya injini yako ichore kwa chaki kwenye kava au ibandike ukutani. Ya kukumbuka kichwani hupotea mtu akikusalimia.

Kama torki ya kwanza ni 29 Nm, usiifikie kwa mkupuo. Pita raundi moja kwenye 15, nyingine kwenye 29, kisha rudia raundi ya 29 kwa mpangilio ule ule, maana ukikaza za pembeni zile za katikati hulegea kidogo. Vuta polepole bila kusimama. Ukisimama nusu njia msuguano wa kuanza tena utakudanganya kwamba umefika. Ikilia mara moja, acha. Ile tabia ya kuliza mara tatu "kwa uhakika" ni kuongeza torki.

Sasa digrii. Weka spana ya torki pembeni, chukua baa ndefu. Kwa tipeksi au rangi ya kucha, tia nukta kwenye kichwa cha kila bolti upande unaotazama mbele ya injini. Zungusha ya kwanza robo mzunguko, nukta itazame pembeni, endelea na mpangilio hadi ya mwisho. Kisha rudi ya kwanza, robo nyingine. Ukimaliza, nukta zote zinatazama nyuma. Yoyote isiyotazama huko umeiruka au umeizidisha, na unaiona ukiwa umesimama, bila kubahatisha. Usiunganishe robo mbili kwa pamoja kwenye bolti moja. Hedi itabanwa upande mmoja.

Kwa nini digrii? Kwa sababu meno hayadanganywi na mafuta wala kutu. Bolti ya milimita 10 yenye nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino, ukiizungusha robo, imeshuka milimita 0.31, msuguano uwe mkubwa au mdogo. Sehemu ya mwendo huo inabana hedi na gasketi, iliyobaki inairefusha bolti.

Mkono usikilize wakati huo. Kila robo inapaswa kuwa nzito, ya mwisho nzito zaidi au sawa na ya kwanza. Bolti ikianza kuwa nyepesi ghafla katikati ya robo, simama hapo hapo: inakatika, au meno ya bloku yanatoka. Toa, kagua, badilisha. Kuna mafundi wazee wanaokaza kwa mkono na hedi zao hazirudi, nami nawaheshimu, ila walijifunza kwa injini za chuma kizito na bolti nene zenye nafasi kubwa ya kukosea. Bloku ya 1NZ-FE ni alumini.

Hatua ya nane: kuwasha na kufuatilia

Jaza maji polepole, toa hewa, washa ukiwa umeacha hita wazi. Subiri feni ya redieta iwake na kuzima mara mbili. Angalia mapovu yanayoendelea kwenye redieta, mpira wa juu unaokuwa mgumu injini ikiwa bado ya baridi, na mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Safari ya kwanza iwe ya tambarare. Kwa walio Kisumu, nenda Ahero na kurudi, kisha acha gari lilale, na asubuhi inayofuata fungua kizibo uone kiwango cha maji. Yakiwa palepale, lipeleke Kericho likapande.

Kuhusu kukaza tena: injini za zamani zenye gasketi ya nyuzi na bolti za torki peke yake mara nyingi hutaka kukazwa upya baada ya joto la kwanza, injini ikiwa baridi au moto kadiri ilivyoandikwa. Unalegeza bolti moja kidogo, unaikaza hadi torki yake, kisha unahamia inayofuata kwa mpangilio, kamwe si zote kwa pamoja. Bolti za digrii hazikazwi tena. Zikivuja baada ya wiki moja, hedi inafunguliwa na chanzo kinatafutwa. Ukiongeza robo mzunguko juu ya bolti iliyokwisha kuvutika unaikata, na nusu yake inabaki ndani ya bloku.